Namna ya Kupika Hemu Yenye Mng'ao kwa Sufuria ya Umeme ya Kupikia Taratibu

Sufuria ya umeme ya kupikia taratibu huilainisha nyama, lakini haiwezi kuing'arisha. Mpishi akilielewa hilo kabla hata ya kununua nyama, atakuwa amejiepusha na kosa ambalo wengi, nami nikiwamo, hulifanya mara ya kwanza: kumimina sukari na asali yote juu ya paja tangu asubuhi, kufunika, kusubiri saa 5, kisha kufunua na kukuta nyama iliyopauka ikiogelea katika maji matamu yenye chumvi. Sababu yake ni nyepesi kueleza. Ndani ya sufuria hiyo joto halivuki kiwango cha maji kuchemka, na mvuke unaonaswa na kifuniko hurudi chini tone kwa tone, ilhali sukari ya kawaida huhitaji mahali pakavu na joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi ndipo ianze kubadilika rangi na kuwa karameli. Kwa hiyo kazi hugawanywa: sufuria hupasha na kulainisha, na mng'ao huletwa na sosi iliyochemshwa pembeni pamoja na dakika chache za oveni yenye moto mkali.

Kuchagua paja

Nyama inayozungumziwa hapa ni paja la nyuma la nguruwe lililokolezwa chumvi na, mara nyingi, kupitishwa kwenye moshi, ambalo wauzaji huliita hemu (neno hili lisichanganywe na hamu, ingawa harufu ikishaanza kuenea jikoni hayo mawili hukaribiana sana). Soma maandishi ya pakiti kwa makini, kwa maana jina hilo moja hubeba nyama za hali tofauti. Lipo paja lililokwisha kuiva kiwandani, ambalo wewe utalipasha tu. Lipo lililotiwa chumvi lakini bado ni bichi, ambalo ni lazima lipikwe hadi liive. Lipo pia lililokaushwa kwa chumvi kavu kwa miezi mingi, ambalo ni kali mno na halifai kuingia katika sufuria hii bila kulowekwa kwanza kwa siku nzima au zaidi huku maji yakibadilishwa. Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya paja lililokwisha kuiva. La bichi lina maelezo yake hapo mbele.

Paja lenye mfupa lina ladha zaidi, na mfupa wake una kazi nyingine baadaye. Lisilo na mfupa hukatwa kwa urahisi, lakini mara nyingi huwa limeundwa kwa vipande vilivyogandamizwa pamoja, na ukilipika kupita kiasi huachana kama mkate uliolowa. Aina ya tatu ni lile linaloletwa likiwa limekwisha kukatwa slesi nyembamba kuuzunguka mfupa. Hilo hupendeza mezani na sosi hupenya katikati ya slesi, ila kila mkato ni njia ya unyevu kutorokea, na mpishi akijisahau kwa saa moja tu hupata nyama kavu kama kizibo. Mimi huchagua lenye mfupa ambalo halijakatwa, na ninapoona pakiti imeandikwa kwamba maji yameongezwa kwa wingi, huirudisha nilikoitoa, kwa sababu maji hayo yote yatatoka sufuriani na kunizimulia kila kitu.

Kuhusu ukubwa, kadiria gramu 300 hivi za paja lenye mfupa kwa kila mlaji. Sufuria ya lita 6 kwa kawaida hupokea paja la kilo 3 hadi 3.5, lakini umbo lina nguvu kuliko uzito: paja refu la kilo 3 linaweza kukataa kuingia pale ambapo la duara la kilo 4 limekaa vizuri. Lijaribishe chunguni likiwa bado ndani ya pakiti yake. Iwapo kifuniko hakikai, kata kipande cha upande mmoja na ukilaze kando ya paja. Na kama tofauti ni ndogo tu, funika chungu kwa tabaka mbili za foili, uzikunje kwa kuzikaza pembeni kote ili mvuke usipate upenyo.

Paja lililoganda lisiingizwe sufuriani. Joto hupanda polepole mno, na nyama itakaa kwa muda mrefu katika kiwango ambacho bakteria huzaliana upesi, yaani kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60. Liyeyushe ndani ya jokofu, ukihesabu saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.5, paja la kilo 3.5 basi litahitaji takriban siku moja na nusu.

Viungo

Kwa paja la kilo 3 hadi 3.5, andaa mililita 200 za maji ya nanasi au ya tufaha kwa ajili ya sufuria, pamoja na karafuu 8 na kijiti kimoja cha mdalasini. Kwa ajili ya sosi utahitaji gramu 200 za sukari ya kahawia, vijiko vikubwa 5 vya asali, vijiko vikubwa 2 vya haradali, vijiko vikubwa 2 vya siki ya tufaha, nusu kijiko kidogo cha tangawizi ya unga na pilipili manga kidogo. Usiongeze chumvi mahali popote. Nyama yenyewe ina chumvi ya kutosha kuilisha sosi na watu wote watakaoketi mezani. Siki nayo isiachwe kwa kudhani kwamba haina kazi, kwani ndiyo inayouzuia utamu usichoshe ulimi.

Kuhusu nanasi, tumia maji ya kopo au ya pakiti, au yale mabichi uliyoyachemsha kwanza. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho humeng'enya protini, na kikikaa na nyama kwa saa nyingi katika uvuguvugu wa mwanzo huufanya uso wa nyama uwe kama uji. Kuchemsha hukiua kimeng'enya hicho, na maji ya kopo yamekwisha kupitia joto hilo.

Kuliandaa paja na kulipasha

Fungua pakiti, utoe karatasi na nyavu zote, kisha uchungulie ncha ya mfupa: mara nyingi hufunikwa na kijifuniko cha plastiki chenye rangi inayofanana na mfupa wenyewe, na wapishi wasio na idadi wamekipika pamoja na nyama. Hakuna haja ya kuliosha paja. Lipanguse tu kwa karatasi ya jikoni hadi likauke. Ikiwa bado lina ngozi, ingiza kisu chini yake na uivue, ukiacha tabaka la shahamu la nusu sentimita hivi, kwa kuwa shahamu hiyo ndiyo itakayoishika sosi.

Sasa lipige chale. Chora kwa kisu mistari ya mshazari iliyoachana kwa sentimita 2, kisha chora mingine inayoikatiza ile ya kwanza, hadi uso wote uwe kama wavu. Kisu kiishie ndani ya shahamu na kisiiguse nyama, kwani chale zikizama sana hufunguka kama midomo wakati wa kupasha na kuutoa utomvu wote. Ukipenda, chomeka karafuu kwenye makutano ya mistari. Vinginevyo ziache zielee katika majimaji. Mimi nimeacha kuzichomeka, kwa kuwa kila mara alitokea mgeni mmoja aliyeitafuna nzima. Paja lililokwisha kukatwa slesi halihitaji chale.

Liweke paja chunguni upande uliokatwa ukiwa chini, ili sehemu iliyo wazi zaidi ikae karibu na majimaji na ile yenye shahamu iangalie juu. Mimina maji ya nanasi pembeni, tia mdalasini, funika. Mililita 200 zitaonekana chache, lakini nyama itaongeza majimaji yake na hakuna kitakachotoka kama mvuke. Ukizidisha, utakuwa unachemsha paja, na ladha yake itahamia kwenye maji.

Washa kiwango cha chini. Paja la kilo 3 hadi 3.5 lenye mfupa huchukua saa 4 hadi 5, na lisilo na mfupa la kilo 2 huchukua saa 3 hadi 4. Kiwango cha juu kinaweza kuipunguza saa hiyo kwa karibu nusu, lakini siupendi ufupisho huo: sehemu za nje hukauka kabla ya katikati kupata joto, na kwa paja la slesi hasara huonekana wazi. Kifuniko kiachwe mahali pake. Kila kinapofunuliwa, joto lililokusanywa hutoka mara moja na sufuria hulazimika kulikusanya upya, jambo linaloweza kuchukua dakika 20 hadi 30. Atakayefunua mara tatu kwa udadisi asishangae chakula kikichelewa kwa zaidi ya saa nzima.

Saa ya ukutani hukadiria tu. Kipimajoto ndicho kinachoamua. Kichome katika sehemu nene kabisa, mbali na mfupa, kwa sababu joto la mfupa si joto la nyama. Paja lililokwisha kuiva na kufungwa kiwandani hutosha likifika nyuzi 60. Lile lililofunguliwa na kufungwa upya mahali pengine, au ambalo ni kiporo, lifikishwe nyuzi 74. Usiiamini rangi, kwa kuwa nitriti inayotumika kuihifadhi nyama hii huifanya ibaki ya waridi hata ikiwa imeiva sawasawa.

Ikiwa paja lako ni bichi

Paja bichi lililotiwa chumvi hufuata njia ileile isipokuwa katika mambo machache. Kama pakiti inasema lina chumvi kali, liloweke usiku kucha ndani ya jokofu na umwage maji hayo. Litie sufuriani pamoja na mililita 300 hivi za majimaji, na ulipe saa 7 hadi 8 za kiwango cha chini. Kwa usalama linatakiwa kufika angalau nyuzi 63 na kutulia kwa dakika 3, lakini katika kiwango hicho paja zima huwa bado gumu kiasi. Mimi huliacha hadi likaribie nyuzi 85, ambapo nyuzinyuzi zinazoshikilia misuli huwa zimeanza kugeuka kuwa ute na kisu huingia bila kubishana. Ngozi yake ivuliwe baada ya kuiva, kwani hapo hutoka kwa mkono, na chale zipigwe wakati huo.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi nawe uko nyumbani, hamishia nyama mara moja kwenye jiko la gesi au chombo kingine na uimalizie huko. Kama hukuwapo na hujui ulikatika kwa muda gani, nyama hiyo itupwe, hata ikionekana imeiva.

Sosi ya kung'arishia

Hapa ndipo mapishi haya yanapofaulu au kuharibika, na ndipo haraka inapoleta hasara. Inapobaki nusu saa hivi, teka mililita 120 za majimaji ya sufuria kwa upawa, uondoe mafuta yanayoelea juu, kisha uonje. Yakiwa na chumvi inayovumilika, yatumie yote. Yakiwa makali, tumia nusu na ujazie kwa maji ya nanasi. Kumbuka kwamba utayachemsha hadi yapungue sana, na chumvi haipungui pamoja nayo: majimaji yaliyo sawa sasa hivi yatakuwa na chumvi maradufu yakifika nusu.

Chukua sufuria pana ya kawaida, kwa kuwa katika sufuria nyembamba mvuke hutoka polepole na kazi ya dakika 10 huwa ya dakika 25. Tia majimaji, sukari, asali, haradali, siki, tangawizi na pilipili manga, ukoroge juu ya moto wa wastani hadi sukari iyeyuke kabisa, kisha uache sosi itokote. Usiondoke, ila huna haja ya kukoroga mfululizo. Tazama mapovu na usikilize. Mwanzoni ni madogo, mengi, yenye haraka, na sauti yake ni ya maji. Baada ya dakika 8 hadi 12 huanza kuwa makubwa na mazito, yakichelewa kidogo kabla ya kupasuka, na sauti hushuka na kuwa nzito kama ya uji unaoiva. Chovya kijiko cha mbao, kigeuze, kisha pitisha kidole juu ya mgongo wake baada ya kupoa kidogo: mstari ukibaki wazi bila sosi kuteremka na kuuziba, epua. Usingoje iwe nzito kama unavyotaka iwe juu ya nyama, kwa kuwa itaendelea kuganda ikipoa. Ikikuzidi ikawa kama gundi, kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto huirejesha. Sosi hii ni ya moto kuliko maji yanayochemka na hung'ang'ania ngozi. Watoto wakae mbali nayo.

Wapo wanaoifanya nzito kwa wanga wa mahindi, kijiko kikubwa 1 kilichokorogwa katika vijiko 2 vya maji baridi. Njia hiyo ni ya haraka na hutoa mchuzi mzuri wa kumwagia juu ya slesi, lakini ukiipaka nyama na kuitia ovenini hufanya utando wa rangi hafifu badala ya kioo. Mng'ao halisi hutokana na sukari iliyopunguziwa maji.

Oveni

Washa oveni ifike nyuzi 220 wakati sosi ikichemka. Tandika foili kwenye trei, kwa sababu sukari itakayodondoka na kuungua ni taabu kuikwangua. Lihamishe paja kwa miiko miwili mipana iliyopitishwa chini yake, maana baada ya saa 5 za unyevu linaweza kukatika ukilishika kwa uma peke yake. Usiingize chungu chenyewe chini ya moto wa juu wa oveni ili kukwepa kuosha trei: vyungu vingi vya kauri havikutengenezwa kwa joto hilo na huweza kupasuka.

Kisha fanya jambo ambalo maelezo mengi ya mapishi hulisahau: kausha uso wa paja. Ulipotoka sufuriani ulikuwa unavuja maji, na sosi ikipakwa juu ya maji huteleza hadi kwenye trei. Pangusa kwa karatasi ya jikoni kati ya chale zote, uliache paja lipumue kwa dakika 3, halafu paka theluthi ya sosi kwa brashi, ukiisukuma ndani ya mistari.

Iweke trei katika ngazi ya chini, kwani paja ni refu na mgongo wake utakuwa karibu na moto kuliko unavyodhani. Baada ya dakika 5 au 6 toa, paka theluthi nyingine, rudisha. Rudia mara ya tatu. Kwa jumla ni dakika 15 hadi 20. Tabaka la kwanza litaonekana hafifu na huenda likakuvunja moyo, la pili litashika, na la tatu ndilo litakaloleta ile rangi ya kaharabu inayometa kingo zikiwa na weusi kidogo. Katika dakika za mwisho simama mlangoni pa oveni, kwa sababu asali huungua mapema kuliko sukari na safari kutoka kaharabu hadi makaa haichukui hata dakika 2. Kwa paja la slesi, zungushia foili ubavuni, uache mgongo tu wazi, na uridhike na matabaka mawili.

Asiye na oveni asikate tamaa. Akate slesi nene za sentimita 1, azipake sosi, na kuzikaanga katika kikaango cha moto kwa dakika 2 kila upande. Hazitakuwa na sura ya paja zima lililoketi juu ya sinia, lakini kila slesi itakuwa na mng'ao pande zote mbili, na kusema kweli kwa mlo wa watu wanne mimi huiona njia hii kuwa bora.

Kukata na kuhifadhi

Acha paja litulie kwa dakika 15 ili sosi igande na utomvu usikimbie chini ya kisu. Kata ukikatiza nyuzi za nyama, ukishuka hadi mfupani, kisha pitisha kisu sambamba na mfupa ili slesi zote ziachie kwa pamoja. Majimaji yaliyobaki chunguni yachujwe, yaondolewe mafuta na kuonjwa kabla ya kupelekwa mezani. Yakiwa na chumvi nyingi, yapelekwe kidogo tu katika bakuli la pembeni.

Kiporo kiingie jokofuni ndani ya saa 2, kikiwa kimekatwa na kutengwa na mfupa, katika vyombo visivyo na kina kirefu. Hukaa siku 3 hadi 4, au mwezi mmoja hadi miwili kikigandishwa, ingawa baada ya hapo ladha huanza kupungua. Usikipashe katika sufuria ileile ya kupikia taratibu, kwa kuwa hupanda joto kwa kuchelewa mno. Tumia kikaango au oveni, kikiwa kimefunikwa na kunyunyiziwa maji kidogo. Mfupa uchemshe na maharage au dengu kwa moto mdogo hadi nyama iliyosalia ijiachie yenyewe, na chumvi usiiguse mpaka uonje mara ya mwisho.